Ovakloki: Spidi ya Bure Iko, Ama Unachezea Mashine Inayokulipia Keja?

Wasee wengi saa hii wana kompyuta moja tu, na hiyo moja ndiyo ofisi, ndiyo TV, ndiyo uwanja wa gemu. Ikizima, wera imezima. Sasa kuna hii stori inazunguka tena mtaani na mitandaoni: ati unaeza kuingia kwa BIOS, ubadilishe namba mbili tatu, na mashine yako ya kawaida igeuke farasi bila kutoa hata soo moja. Inaitwa ovakloki.

Ni kweli inawezekana. Pia ni kweli kwamba wengi wanaoijaribu mara ya kwanza hawajui wanachoshika. Kabla hujafungua hiyo mashine usiku wa leo, keti chini kidogo tuchambue: kwa nini stori hii imerudi, inafanya kazi vipi, nani anafaidika, na wewe mwenye mashine ya Moi Avenue uko wapi kwenye hii hesabu.

Kwa nini kila mtu anaongelea hii kitu saa hii

Sababu ya kwanza ni doo. Tangu mwisho wa 2025, bei ya RAM duniani ilipanda vibaya. Makampuni matatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndiyo yanatengeneza sehemu kubwa sana ya RAM yote unayoiona. Wenye vituo vya data vya akili bandia walikuja na pesa ndefu, wakataka memori ya aina yao, na viwanda vikageukia huko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inafunga Crucial, ile chapa yake ya RAM na SSD za watu wa kawaida. Yaani kampuni iliangalia wewe na kituo cha data, ikachagua kituo cha data. Biashara ni hivyo.

Sababu ya pili ni Windows 10. Microsoft ilisimamisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa chache sana. Sasa fikiria ile mashine yako ya ex-UK yenye Core i5 ya kizazi cha 4 ama cha 6. Bado inawaka, bado inafanya kazi, lakini rasmi imeshaambiwa ikae kando.

Ukiweka hizo mbili pamoja, unapata msee ambaye hawezi kununua mpya, na aliyonayo inaanza kubaki nyuma. Huyo msee akiona video ya dakika nane inasema "ongeza spidi asilimia 30 bure", lazima asimame aangalie. Hakuna mtu wa kumlaumu.

Ovakloki ni nini, kwa lugha ya kawaida

Prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Ikiambiwa ni ya gigahezi 3.6, maana yake inapiga mara bilioni 3.6 kwa sekunde. Kiwanda kiliipima, kikaona hapo inaweza kukaa miaka bila ngori, kikaiuza na hiyo namba. Ovakloki ni kuiambia ipige haraka kuliko hivyo.

Ukiisukuma kidogo tu, inaweza kukubali. Ukiisukuma zaidi, inaanza kukosa pumzi: hesabu zinakosewa, skrini inakuwa ya bluu, mashine inajizima. Hapo watu huongeza volti ili itulie. Na hapo ndipo shida inaanzia, juu umeme haupandi pole pole kama spidi.

Cheki hesabu hii. Umeme ambao chipu inakula unapanda sawa na spidi, lakini unapanda kwa volti mara mbili yake, yaani volti mara volti. Ukiongeza spidi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, unazidisha 1.1 mara 1.1 mara 1.1. Jibu ni 1.33. Umepata spidi ya asilimia 10 na ukalipa umeme na joto la asilimia 33. Hiyo asilimia 33 lazima itoke kwa chipu iende mahali. Kama feni yako ni ile ndogo iliyokuja na mashine, itaenda wapi?

Wale unaowaona wanavunja rekodi wakapita gigahezi 9 wanatumia heliamu ya majimaji, kitu baridi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Hiyo haikai kwa bedsita ya Kasarani. Ni mchezo wa maonyesho, kama magari ya Safari Rally. Huendi nayo kazini Jumatatu.

Swali la kwanza: mashine yako inakubali kweli?

Hapa ndipo wengi wanaanguka kabla hata ya kuanza. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua huku mtaani ni za ofisi zilizotumika Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, zinadumu, bei yake ni ya kueleweka. Lakini hazikutengenezwa za kusukumwa.

Kwa Intel, angalia herufi ya mwisho kwa jina la prosesa. Kama ni i5-6500 ama i5-4570, haina K mwishoni, basi imefungwa. Kama ni i5-6600K, imefunguliwa, lakini bado inataka madabodi ya familia ya Z. Hizo mashine za ofisi hazina madabodi ya Z, na BIOS yake haina hata ukurasa wa kubadilisha hizo namba. Unaweza kutafuta hadi asubuhi. Haiko.

Kwa AMD mambo ni legevu kidogo. Ryzen nyingi za mezani zimefunguliwa, na madabodi kama B450 na B550 zinaruhusu. A320 na A520 haziruhusu kusukuma prosesa. Na hata AMD wana chipu zilizofungwa. Ryzen 7 5800X3D, mojawapo ya prosesa za gemu zilizopendwa sana, ilitoka 2022 ikiwa haikubali ovakloki ya kawaida.

Laptopu nayo? Achana nayo. Nyingi zimefungwa, na hata ile hila ya kupunguza volti ili ipoe ilizimwa kwa nyingi baada ya Desemba 2019, watafiti walipoonyesha kwamba mtu anaweza kuchezea volti za Intel akaiba siri zilizofichwa ndani ya chipu. Shimo hilo walilipa jina la Plundervolt. Makampuni yakatoa masasisho ya BIOS na mlango ukafungwa.

Kwa hivyo kama fundi anakuambia ulete OptiPlex yako na thao mbili "akuongezee spidi ya prosesa", muulize swali moja tu: "Boss, utaongeza kupitia wapi?" Kama jibu lake ni maneno mengi, chukua mashine yako urudi nyumbani.

Spidi ya bure ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kitambo

Hizi stori za wazee wa kompyuta si za uongo. 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300. Watu wakagundua ukibadilisha basi ya madabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, chipu inaruka hadi megahezi 450. Hiyo ni asilimia 50 juu, na ilikuwa inakaribia Pentium II 450 iliyouzwa bei mara kadhaa zaidi. Hapo neno bure lilikuwa na maana.

2011 ikaja Core i5-2500K. Kiwandani ilikuwa gigahezi 3.3, na watu wengi wakaifikisha karibu 4.5 kwa feni nzuri tu ya hewa. Wengine waliitumia karibu miaka kumi.

Sasa angalia kilichofuata. Makampuni si wajinga. Waliona watu wanapata bure kitu ambacho wao wangeweza kuuza, na kila mwaka wanapigania kuonekana wa kwanza kwa majedwali ya vipimo. Wakaanza kusukuma chipu wenyewe. Oktoba 2023 Core i9-14900K ilitoka dukani ikiwa inaweza kufika gigahezi 6.0 bila wewe kugusa chochote, ikiruhusiwa kula hadi wati 253. Ryzen za siku hizi nazo zinajipima zenyewe kila sekunde: joto liko wapi, umeme uko wapi, nafasi iko ngapi, kisha zinajipandisha.

Ukienda kuisukuma chipu kama hiyo, unakuta kiwanda kimeshakula karibu nyama yote. Wewe unabaki kulamba mfupa. Unaongeza volti, joto linapanda, feni inalia kama matatu ya Ronga, na gemu yako inaongeza fremu tatu au nne. Unaweza kusema ulishinda, lakini ulishinda nini?

Somo la 2024: hata kiwanda kilizidisha

Kama unadhani hii ni kutisha watu, kumbuka kilichotokea kwa Intel yenyewe. Watu waliokuwa na prosesa za kizazi cha 13 na 14 walianza kulalamika gemu zinaanguka na mashine zinazima bila sababu. Wengi walidhani ni kadi ya grafiki, juu ujumbe wa makosa ulikuwa unasema memori ya video imeisha. Haikuwa hivyo.

Julai 2024 Intel ikakubali kwamba maikrokodi yake ilikuwa inaomba volti za juu kupita kiasi. Agosti ikatoa sasisho, Septemba ikatoa lingine, na ikaongeza waranti kwa miaka miwili, jumla mitano, kwa prosesa zilizoathirika. Lakini sasisho halikuweza kuponya chipu ambayo tayari ilikuwa imechakaa. Ukishaharibu silikoni, hakuna programu ya kuirudisha.

AMD nao hawakupona. Aprili 2023 picha zilisambaa za Ryzen 7000 za X3D zikiwa zimeungua pamoja na soketi ya madabodi. Tatizo lilihusu volti ya upande wa SoC, ambayo baadhi ya madabodi yaliipandisha mtu akiwasha profaili ya RAM ya EXPO. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3. Elewa vizuri hapo: hao si watu waliokuwa wanacheza na kila namba. Wengine waliwasha kitufe kimoja tu kilichoandikwa kwamba RAM iende kwa spidi yake.

Ukichambua hizo kesi mbili, unaona kitu kimoja. Volti huua pole pole. Mashine inaweza kukaa miezi ikiwa fiti, unapiga kifua kwa mbogi yako, halafu siku moja inaanza kuanguka bila mpango. Watu wanaojisifu baada ya wiki moja hawajamaliza mtihani.

Ukijaribu mara ya kwanza, haya ndiyo utakutana nayo

Tuseme wewe una mashine inayokubali, mfano Ryzen 5 3600 kwa madabodi ya B450. Wengi huanza vibaya kwa kuruka moja kwa moja hadi namba waliyoona kwa video. Chipu ya yule jamaa si chipu yako. Hata mbili zilizotoka siku moja kiwandani haziko sawa. Moja itafika mbali, nyingine itakataa mapema. Wenyewe wanaiita bahati nasibu ya silikoni.

Anza kwa kupima ulipo. Weka HWiNFO uone joto na volti, endesha Cinebench uandike alama, kisha cheza gemu yako ya kawaida uone fremu. Bila namba za mwanzo, hutajua kama ulisonga ama unajidanganya. Watu wengi wanasema "nahisi iko haraka". Hisia si kipimo.

Kisha panda kwa hatua ndogo, megahezi 50 au 100 kwa wakati. Kila hatua, ipige kwa jaribio zito kama OCCT ama Prime95 angalau nusu saa ukiangalia joto. Intel nyingi za karibuni huanza kujipunguza zikigonga nyuzi 100, Ryzen 7000 zikigonga 95. Ukifika hapo, chipu inapunguza spidi ili isife, na wewe unaishia kupata mashine ya moto iliyo polepole kuliko mwanzo. Hiyo hutokea sana kwa wageni, na wanashindwa kuelewa.

Usibadilishe vitu vitatu kwa mkupuo. Ukigusa prosesa, RAM na kadi ya grafiki usiku mmoja, kisha mashine ianguke, utamshuku nani?

Ikikataa kuwaka kabisa, usiingize baridi. Mara nyingi haijafa. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ndogo ya duara kwa madabodi, CR2032, ngoja dakika chache, rudisha. BIOS itasahau ulichofanya na kurudi namba za kiwandani.

Lakini kuna hatari moja ambayo haipigi kelele, na hiyo ndiyo inafaa ikutishe zaidi kama unafanya kazi kwa hiyo mashine. RAM iliyosukumwa kupita uwezo wake inaweza kukosea kidogo kidogo bila mashine kuzima. Faili inahifadhiwa ikiwa na kosa. Unaeditia mteja video ya harusi, unaexpoti, kila kitu kinaonekana sawa, halafu wiki ijayo mradi haufunguki. Gemu ikianguka unacheka. Kazi ya mteja ikiharibika unarudisha deposti. Kwa hivyo ukigusa RAM, iache MemTest86 ipige raundi zote kabla hujaamini chochote, na nakala ya kazi yako ikae kwa diski nyingine.

Umeme wetu, hewa yetu, tokeni zetu

Video nyingi za ovakloki zimetengenezwa na watu ambao umeme wao haupotei. Hapa kwetu unajua vile mambo huenda. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizama gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Na hizo ni zile kubwa zinazofika habari. Zile za mtaa wako za dakika tano hakuna anayezihesabu.

Hii ina maana gani? Stima ikipotea wakati unasasisha BIOS, madabodi inaweza kuwa tofali. Kama huna UPS, usiguse sasisho la BIOS siku ambayo taa zinamwekamweka. Pia angalia pawa saplai yako. Mashine za ofisi zina pawa saplai ndogo, zilizopimwa kwa kazi za ofisi. Na zile za bei ya kutupa zenye "wati 500" kwa stika, hiyo 500 mara nyingi imekaa kwa stika tu. Ukisukuma mashine kwa pawa saplai dhaifu, huenda isiungue prosesa. Inaweza kuungua yenyewe na kubeba vingine.

Tokeni nazo? Tuseme ovakloki imeongeza wati 60, na unatumia mashine masaa matano kwa siku. Kwa siku 30 hiyo ni yuniti 9. Ukilipa kama shilingi 28 kwa yuniti, umeongeza shilingi 252 kwa mwezi, zaidi ya thao tatu kwa mwaka. Na kumbuka vile tarifu ya nyumbani imepangwa: mwenye kutumia yuniti hadi 30 kwa mwezi yuko kwa bei ya chini, akipita anapanda ngazi, akipita 100 anapanda tena. Kama keja yako ilikuwa inacheza karibu na mpaka, hizo yuniti 9 zinaweza kukusukuma upande ule mwingine, na sasa hata friji inalipiwa bei mpya. Hiyo bure imeanza kuwa na risiti.

Halafu kuna hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, ndiyo, lakini hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na ya pwani, na feni inapoza kwa kusukuma hewa. Feni ileile, mizunguko ileile, inabeba joto kidogo zaidi Mombasa kwa uzito wa hewa, lakini Mombasa nayo hewa yenyewe ni nyuzi 30 na zaidi mchana wa Februari, na chumvi juu yake. Kwa hivyo msee wa Umoja na msee wa Likoni wote wana shida, kila mmoja ya kwake. Na wote wawili wana vumbi.

Nani anafaidika na hii stori?

Fuata pesa. Anayetengeneza video anafaidika juu umetazama. Anayeuza madabodi ya bei ya juu, feni kubwa na RAM zenye taa anafaidika juu ovakloki inataka hivyo vyote. Anayeuza prosesa yenye K anaiuza bei zaidi ya isiyo na K.

Lakini chipu ikiungua, hao wote hawako. Intel na AMD zote zinasema uharibifu unaotokana na ovakloki hauko kwa waranti. AMD wanasema hivyo hata ukitumia kifaa chao wenyewe cha Precision Boost Overdrive. Wanakupa ufunguo, wanakuambia ukigonga ni juu yako. Intel kwa muda walikuwa na mpango wa kulipia kidogo zaidi ili ukiunguza wakubadilishie mara moja. Ulianza 2012, na 2021 waliufunga. Na wewe ambaye umenunua ya mkono wa pili, waranti yako ni namba ya simu ya muuzaji, na unajua hiyo namba huwa inashikwa mara ngapi.

Kwa hivyo ufanye nini na hiyo mashine?

Ovakloki si dhambi. Ukiwa na mashine ya pili, ama ya zamani ambayo hata ikifa hutalala njaa, jaribu. Ni njia nzuri ya kujifunza vile kompyuta inafanya kazi ndani, na wasee wengi wanaotengeneza mashine za watu leo walianza kwa kuharibu zao. Lakini kama ni ile moja inayokulipia keja, kuna spidi nyingine imelala hapo hujaichukua, na haina hatari hiyo.

Safisha kwanza. Fungua, puliza vumbi, badilisha pesti ya joto kati ya prosesa na hitisinki. Mashine ya ex-UK ya miaka nane inaweza kuwa na pesti iliyokauka kama chokaa. Kama ilikuwa inajipunguza kwa sababu ya joto, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Angalia RAM. Kama una kipande kimoja cha 8GB, na mashine haina kadi ya grafiki ya kando, prosesa na grafiki vinapigania barabara moja. Vipande viwili vya 4GB vinaweza kwenda haraka kuliko kimoja cha 8GB. Bei iko juu, ndiyo, kwa hivyo uliza kubadilishana kabla ya kununua. Na kama una DDR4 iliyoandikwa 3200 kwa madabodi inayokubali XMP, cheki kama inakimbia 3200 kweli. Nyingi hukaa 2133 ama 2400 hadi mtu awashe. Hiyo nayo kwa sheria zao ni ovakloki, kwa hivyo ipime na MemTest86 vilevile.

Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, SSD ndiyo itakupa mabadiliko makubwa kuliko ovakloki yoyote duniani. Hakuna mjadala hapo.

Na kama mikono bado inawasha, anza na kadi ya grafiki badala ya prosesa. Kadi nyingi za mkono wa pili sokoni, kama RX 580, zilipita kwa wachimbaji wa sarafu kabla ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Kwa MSI Afterburner unaweza kuzisukuma, lakini hila ya werevu ni kinyume: punguza volti kidogo kidogo ukiacha spidi palepale. Ukifaulu, kadi inapoa, feni inanyamaza, tokeni inakaa, na kwa gemu ndefu inaweza hata kushikilia spidi vizuri kuliko mwanzo. Ukikosea, mara nyingi gemu inaanguka tu, unarudisha namba, unaendelea.

Rada ndiyo hiyo

Miaka ile ya Celeron, kampuni iliacha chenji mezani na watu wakaiokota. Siku hizi chenji imeshahesabiwa kabla mashine haijafika dukani, na kilichobaki ni kidogo, chenye moto. Wakati huohuo bei za vipuri zinapanda kwa sababu ya watu ambao hawajui hata jina la mtaa wako, na unaambiwa suluhisho ni kukamua zaidi ulichonacho. Kukamua ni sawa. Lakini ng'ombe akiwa mmoja, hukamui hadi damu.

Sasa tuambie: mashine yako ni gani, na umeshajaribu kuisukuma ama bado unaingiza baridi? Ilifika wapi, na ilikaa miezi mingapi? Tupe namba kamili za kabla na baada, za wiki ya kwanza na za mwezi wa sita.